Wikiendi ya kuchonga mapambo ya Krismasi kwa mabanzi ya paina

Mbao ya mapambo ya Krismasi haitafutwi Desemba. Huku Mafinga mwezi huo mvua imeshashika, mabanzi yaliyorundikwa nje ya viwanda vya kuchana mbao yamelowa mpaka ndani, na kipande ulichochonga kikiwa kibichi kinaweza kupasuka chenyewe kabla ya mwaka mpya. Anayetaka kuchonga wikiendi ya kwanza ya Majilio aanze kukusanya Septemba au Oktoba, jua likiwa kali na upepo mkavu. Aliyechelewa naye ana pa kwenda, nitamwelekeza.

Mimi ni muuguzi. Wiki nzima mikono yangu iko kwenye sindano, bandeji na mafaili ya wagonjwa. Wikiendi nisipokuwa zamu nakaa barazani na kisu na kipande cha mbao. Sina karakana wala mashine. Kazi ninayoieleza hapa inawezekana kwa siku mbili, juu ya kigoda, kwa vifaa vinavyoenea kwenye kapu moja. Nina sababu ya kuisukuma: tunaishi kando ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, misumeno inalia kutwa, halafu sebuleni tunaning'iniza nyota za plastiki zilizovuka bahari. Mabanzi yanaishia jikoni kuwa kuni, na ndani ya banzi moja zuri mna nyota tano au sita.

Kuchagua mbao

Paina tuliyonayo hapa kwa wingi ni Pinus patula, mti wa asili ya Meksiko. Ni nyepesi, nyeupe, na kisu kinaipenda, ila ina tabia moja ya kuijua mapema. Tazama kipande upande wa kichwa, pale ulipopita msumeno. Utaona pete: nyeupe pana, kahawia nyembamba, nyeupe, kahawia. Ile nyeupe ni laini, ile ya kahawia ni ngumu. Mti uliokua upesi una pete pana sana, na kisu kikitoka kwenye laini kikaingia kwenye ngumu kinaruka. Chagua kipande chenye pete zilizobanana. Epuka moyo wa mti, yaani kile kiini cha katikati kabisa, kwa sababu nyufa huanzia hapo na kutawanyika kwenda nje. Epuka pia jicho, kwani hapo nyuzi zinazunguka na utomvu ni mwingi. Mabaka ya rangi ya bluu yasikutishe. Ni kuvu iliyoingia mbao ilipokaa mbichi. Inachafua rangi tu, na kipande kama hicho ni kizuri kwa pambo utakalolipaka.

Kama unakaa Iringa mjini au Mbeya na unaona jakaranda inapunguzwa matawi pembeni ya barabara, omba tawi moja. Ni mbao laini yenye rangi ya maziwa, na haina ule ugomvi wa pete. Lipasue katikati mapema ili moyo wa tawi ufunguke, upake nta ya mshumaa kwenye vichwa vyote viwili, kisha uliweke kivulini likauke polepole. Mparachichi nao unachongeka vizuri, na kwa watu wa Njombe na Rungwe matawi ya kupogolea hayakosekani. Mgrevilea una maua mazuri ndani ya mbao, lakini vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi, hivyo jaribu kidogo kwanza. Mlingoti uache uwe nguzo: mgumu, unajipinda, unapasuka. Mpingo ni mzito hata unazama majini, na wachongaji wa Kimakonde wanaoufanyia maajabu wana zana na miaka ambayo mimi na wewe hatuna.

Kuna mbao moja usiiguse kabisa kwa kisu wala msasa: iliyotiwa dawa. Huku kwetu inauzwa kila kona kwa ajili ya kenchi na nguzo, na utaitambua kwa ukijani wake. Dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromiamu na aseniki. Usiichonge, usivute vumbi lake, na maranda yake yasiingie kwenye jiko unalopikia. Ukiwa na shaka juu ya kipande, kiache.

Sasa aliyechelewa. Nenda kwa jirani aliyeezeka nyumba mwaka huu umwombe vipande vilivyobaki vya papi, ile mbao ya inchi mbili kwa mbili, vile visivyotiwa dawa, au pita kwa fundi seremala. Kwa fundi mbao imekaa chini ya paa muda mrefu, na vipande vifupi kwake ni uchafu wa kufagia. Kujua kama kipande ni kikavu, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke mahali pakavu ndani ya nyumba kwa siku chache, kisha kipime tena. Kikiwa kimepungua uzito, bado kinatoa maji. Uzito ukisimama, kichonge.

Ijumaa jioni: kisu

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mtu anavyotegemea. Kwenye chumba cha majeruhi nimeona vidole vingi, na visu butu vinanitisha kuliko vikali. Kisu butu hukifanya mkono usukume kwa nguvu, na nguvu ikiponyoka haina breki. Kikali kinaingia kwa uzito wa mkono tu, na unakisimamisha unapotaka.

Huhitaji kisu cha dukani. Mhunzi anaweza kukutengenezea kwa kipande cha msumeno uliovunjika: ubavu wa kukata usizidi urefu wa kidole chako cha kati, ncha iwe kali, mpini ujaze kiganja. Mpini mwembamba unachosha mkono ndani ya saa moja.

Kunoa, tafuta kinoo cha nyuso mbili, cha kukwaruza na laini. Kilowe maji. Laza ubavu wa kisu juu yake, kisha inua mgongo kidogo. Kisu chenye upana wa sentimita 2, mgongo uwe juu kiasi cha milimita 5. Pimo hilo usilipoteze. Sukuma makali mbele kwa mwendo mrefu mmoja, inua, rudia upande huohuo. Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa ukucha usikie kijiukingo cha chuma kimejikunja kutoka mwanzo hadi mwisho wa makali. Kijiukingo hicho ndicho kinachokuambia kwamba umefika ukingoni. Ukikikosa sehemu moja, hapo bado ni butu. Geuza ufanye upande wa pili hivyo hivyo, kisha hamia uso laini. Baada yake tumia msasa wa maji namba 800 na 1000 uliolazwa juu ya kioo. Mwisho chukua mkanda wa ngozi wa zamani, upake Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, upande wa ndani, uvute kisu kwa kurudi nyuma tu, makali yakifuata mgongo. Ukisukuma mbele utaukata mkanda.

Jaribio lifanyie kwenye kichwa cha paina, si kwenye vinyweleo vya mkono. Kata kona kwa kukatiza nyuzi. Kama sehemu iliyokatwa inang'aa, lala salama. Kama imechanika na kuwa nyeupe yenye manyoya, rudi kwenye mkanda. Jumamosi nzima, kila baada ya nusu saa hivi, mpe kisu mkanda tena mara chache.

Jioni hiyohiyo, na ukiweza siku tatu nne kabla, weka siki kwenye chupa na kipande cha stili waya cha kusugulia sufuria. Kifuniko kiwekwe kwa kulegea, maana chupa inatoa gesi. Matumizi yake ni Jumapili.

Jumamosi: kukata

Kaa chini, viwiko juu ya magoti, kazi ikiwa mbele ya magoti na si katikati ya mapaja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na sitaki nikupokee kwa sababu hiyo. Mkono ulioshika mbao uvae glovu nene. Dole gumba la mkono wa kisu lizungushie kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kidole kikifa ganzi au kikikataa kujikunja, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Mikato unayohitaji ni mitatu. Wa kwanza ni wa kusukuma: kisu kimetulia mkononi, dole gumba la mkono ulioshika mbao linasukuma mgongo wa kisu. Mwendo ni mfupi, milimita chache, na kisu hakiwezi kukimbia. Wa pili ni wa kuvuta kuelekea dole gumba, kama unavyomenya kiazi. Wa tatu ni wa kuzuia: unasimamisha kisu wima juu ya mstari na kukandamiza, ili ukija na mkato mwingine kutoka pembeni ganda lisimame pale na lisiendelee kuchanika.

Lililobaki ni kusoma nyuzi. Mbao ni nyuzi ndefu zilizolala pamoja. Ukishuka kutoka panene kwenda pembamba, kisu kinatoka nje ya nyuzi na ganda linajikunja vizuri. Ukipanda, kisu kinapenya chini ya nyuzi na kuzinyanyua, na kipande kikubwa kinang'oka pasipotakiwa. Fundi seremala wa jirani yangu alikuwa akinitazama nikihangaika na bawa la ndege, akasema, "Sista, usiongeze nguvu. Geuza mbao." Tangu hapo kisu kikianza kukwama nageuza kipande nikate kutoka upande wa pili.

Anza na nyota ya ncha nne, ile ndefu ya Bethlehemu. Chukua kipande chenye unene wa milimita 12. Chora mstari wa sentimita 10 ukifuata nyuzi, kisha mstari wa kuukatiza wenye sentimita 5, ukae juu kidogo ya katikati ili mguu wa chini uwe mrefu. Unganisha ncha kwa mistari inayoingia ndani karibu na kiini. Kata umbo kwa msumeno mwembamba. Kama huna, ubapa wa msumeno wa chuma uliozungushiwa kitambaa upande mmoja unatosha. Sasa chora mgongo kutoka kila ncha hadi kiini, na bonde kutoka kila kona ya ndani hadi kiini. Kazi yako ni kuuacha mgongo ulivyo na kuteremsha pande zake.

Kwenye miale mirefu kata kutoka karibu na kiini kwenda nchani, kwani ndiko unakopungua upana. Kwenye mikono mifupi nyuzi zimekatiza mkono, hivyo usiende nchani. Kata kutoka mgongoni kushuka ukingoni, ganda jembamba jembamba. Mabonde yakutanishe kwa mkato wa kuzuia, kisha uje kutoka pande zote mbili. Ncha za mikono mifupi ziache nene kuliko unavyotamani. Hizo ndizo zinazovunjika.

Ukitaka nyota ya ncha tano, ielekeze ncha moja sawasawa na nyuzi. Kwa mpangilio huo ncha mbili za chini zinapotoka kwenye nyuzi kwa digrii 36, na mbili za ubavuni kwa digrii 72. Hakuna mpangilio wenye nafuu zaidi ya huo. Ukiigeuza nyota ncha ikakatiza nyuzi kabisa, itadondoka siku mtoto atakapoigusa.

Mchana, ukishapata mkono, chonga njiwa kwa kipande cha papi. Usimkate mapema kutoka kwenye papi. Mchore kwenye sentimita 9 za mwisho, mdomo ukielekea nje, na papi iliyobaki nyuma ya mkia ndiyo mpini wako hadi mwisho. Mchore kwa ubavu, kata umbo hilo, kisha mchore kwa juu: kifua kinene, mkia mwembamba. Shingo ni bonde. Shuka kutoka kichwani, shuka kutoka mgongoni, mikato ikutane chini. Ukijaribu kupita moja kwa moja kutoka kichwani hadi mgongoni, nusu ya safari utakuwa unapanda. Zungusha kona zote mpaka usione tena umraba wa papi mahali popote, na hapo ndipo wanaoanza huachia mapema: ndege wao wana tumbo bapa. Mdomo uchonge mwisho, mfupi na mnene. Jicho ni ncha ya msumari uliochomwa motoni, ukigusa mara moja kila upande. Ndipo umkate kutoka kwenye mpini.

Mimi nampenda zaidi mbayuwayu wa buluu, yule anayekuja kuzaliana kwenye nyasi za Kitulo msimu huu wa mvua. Mkia wake una nyuzi mbili ndefu mno kwa mbao, hivyo nazitengeneza kwa waya wa kufungia nondo, nikizichomeka kwenye matundu na tone la gundi. Mfanye huyu wikiendi yako ya pili.

Kengele ni rahisi. Fanya umraba uwe pembe nane, nane ziwe kumi na sita, kisha mviringo, na chini uache mdomo uliochanua kidogo. Na kwa watoto wasioruhusiwa kisu kuna matunda ya mpaina. Yale ya patula hukaa yamejifunga mtini miaka. Yaweke karibu na jiko la mkaa, mbali na mwali, na magamba yatafunguka yenyewe kwa joto. Fungeni uzi, yameisha.

Jumapili baada ya ibada

Msasa uende na nyuzi, namba 120 kisha 180 kisha 240, ukiwa umevaa barakoa. Nyota usiisugue sana, migongo yake itapoteza ukali na utakuwa umefuta kazi ya jana. Mimi huishia 180 na kuacha alama za kisu zionekane kwenye mbawa za ndege.

Kwa rangi nyeusi sinunui kopo. Nachemsha majani ya chai ya Mufindi, mengi, mpaka maji yawe mazito, napaka kwenye paina mara mbili na kuacha ikauke. Kisha napaka ile siki ya stili waya. Ndani ya dakika chache mbao inageuka kijivu, halafu inaelekea nyeusi mbele ya macho yako. Chai ina tanini, siki imekwisha kula chuma, na viwili hivyo vikikutana hutoa weusi unaoingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu yake. Paina yenyewe ina tanini kidogo, ndiyo maana chai hutangulia. Mtu wa Njombe anaweza kuchemsha gome la mwati badala ya chai. Miti hiyo ilipandwa kule kwa ajili ya tanini ya gome lake. Vaa glovu, na jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Nyota nyeusi yenye ukingo mmoja uliokwanguliwa ukaacha weupe wa paina naiweka mbele ya rangi yoyote ya dukani. Ukitaka nyekundu na kijani, rangi za maji za shuleni zinatosha, tabaka mbili nyembamba.

Kumalizia, yeyusha nta ya nyuki sehemu moja kwa mafuta ya alizeti sehemu tatu, kwa uzito. Weka kwenye kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiliweke kopo juu ya moto moja kwa moja, nta inashika moto. Paka ikiwa na uvuguvugu, acha nusu saa, futa kwa kitambaa hadi kisiteleze tena.

Tundu la kuning'inizia toboa kwa keekee ya milimita 2. Kwa ndege, kwanza mchomeke pini mgongoni na umwinue. Akiinamisha kichwa, isogeze pini mbele, akiinamisha mkia, irudishe nyuma, mpaka alale sawa. Toboa hapo. Uzi wa katani unapendeza, na ukipata milulu kutoka kwa akina mama wanaosuka vikapu vya Iringa, ilowanishe kidogo, isokote, na itakuwa na mng'ao ambao utepe wa dukani hauna.

Tawi la kuning'inizia naona saipresi inashinda. Vijiti vyake vimesimama na vinabeba. Patula sindano zake zinaning'inia zenyewe, na pambo linateleza hadi chini.

Januari funga kila pambo kwa gazeti, panga ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na ukuta wenye unyevu. Fungua ndoo mara moja katikati ya mwaka. Ukiona unga laini chini na vitundu vidogo kwenye mbao, fukusi ameingia. Kipande hicho kitenge na vingine, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kiwe kimepata joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya mbao na kuinyanyua nta.